Kumbukumbu ya mradi: hesabu ya kona za turubai imekubali

Hatimaye kona nne za turubai la kivuli zimepata vifaa vinavyolingana. Upepo haukunisumbua: kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde shinikizo hukaribia paskali 550, nami nimepata mvuto wa takriban kilonewtoni 8 kwa kila kona.

Kilichonikwamisha ni namba za vifaa vyenyewe. Shakeli (kiungo cha chuma chenye umbo la U kinachofungwa kwa pini) huandikwa mzigo salama wa kazi, ambao mtengenezaji amekwisha kuugawanya, mara nyingi kwa 6, ilhali waya wa chuma unaovuta kona huuzwa kwa mzigo wa kukatikia, ambao haujagawanywa hata kidogo. Ukidai uwiano wa usalama wa 5, yaani kifaa kihimili mara tano ya mvuto wenyewe, juu ya namba zote mbili, shakeli inapata akiba ya mara 30, pini yake haiingii tena kwenye tundu la bamba la nguzo, na waya unabaki kuwa ndio kiungo dhaifu. Kwa hiyo nimerudisha kila kifaa kwenye mzigo wake wa kukatikia, kisha nikadai 5 kote. Waya wa kilonewtoni 40 ulifika pale pale, lakini ncha iliyofungwa kwa klipu hubakiza takriban asilimia 80 ya nguvu, yaani 32, na uwiano ukashuka hadi 4. Nimepanda saizi moja, ingawa kwa kitu cha kudumu ningependelea ncha zilizobanwa kwa mashine. Klipu hulegea na zinataka kukazwa upya.

Hata hiyo 5 imeazimwa kwenye kazi ya kunyanyua, ambako mzigo hushushwa na vifaa hukaguliwa. Huku mvuto haupumziki, na kutu haisomi hesabu. Mwaka 1985, mjini Uster, Uswisi, dari la zege la bwawa la kuogelea lilianguka na kuua watu 12, kwa kuwa fimbo za chuma kisichoshika kutu zilizolishikilia zilipasuka kutokana na kloridi. Ndiyo maana nimechagua vifaa vilivyochovywa zinki, ambavyo kutu yake huonekana mapema, na kila pini nimeifunga kwa waya isijifungue.

Mizani ya mvuto imenifaa kuliko programu yoyote ya simu, kwa sababu ukipunguza mbonyeo wa ukingo, yaani kina cha upindo wake, kwa nusu, mvuto huongezeka takriban mara mbili, na jicho halioni tofauti hiyo.

Taa nilizopanga kufunga zitasubiri. Sasa ninatafuta mkanda wa kona utakaokatika kabla nguzo haijang'oka.