Kumwandikia mwanamume shairi la mapenzi

Mashairi ya mapenzi niliyokulia nayo Mombasa yote yana mwanamke ndani yake, na mwendo wake wa maringo. Kumtoa ukamweka mwanamume si kazi, unabadilisha sifa mbili tatu tu, lakini linalotoka hapo limevaa nguo za kuazima. Mimi nilitaka shairi ambalo mwenzangu angejiona mwenyewe, na baba yangu awemo pia, maana hatujawahi kukaa wawili pasipo mawazo ya mzee kuingia.

Njia niliipata kwa Jericho Brown, mshairi mweusi wa Marekani, mzaliwa wa Louisiana. Diwani yake, The Tradition, ilitoka 2019 ikapata tuzo ya Pulitzer 2020. Humo kuna mashairi kadhaa yenye jina moja, Duplex, umbo alilolibuni kwa kuchanganya soneti (shairi la Ulaya la mistari 14), ghazali (shairi la Kiarabu na Kiajemi la jozi za mistari) na bluzi (nyimbo za huzuni za Wamarekani weusi). Ni mistari 14, miwili miwili, ya silabi 9 hadi 11. Mstari wa pili wa kila jozi hurudi kufungua jozi inayofuata, ukiwa umegeuzwa kidogo, na mstari wa kwanza kabisa ndio unaofunga. Katika mojawapo, sifa za mpenzi wa kwanza zinarudiwa na ghafla ni za baba, tena baba anayepiga. Hakuna maelezo, marudio yenyewe yanakuvusha.

Aliyesoma fasihi sekondari atauliza, si pindu hili, shairi ambalo maneno yanayofunga ubeti ndiyo hufungua ubeti unaofuata? Karibu sana. Ila pindu linaweza kuridhika na kurudia, Brown hurudia akigeuza.

Nilianza na mizani: silabi 11 kila mstari, nikigawa sita kwa tano. Kiswahili hapo kinabana, kwa sababu "alinishonea" peke yake ni sita tayari. Kila mstari ukabeba tendo moja, sifa zikakosa pa kukaa, na afadhali. Vina niliviacha, wazee wa ushairi watanisamehe, au wasinisamehe. Nikaandika matendo niliyoyakumbuka kwenye vipande vya karatasi, nikavitandaza kitandani na kuanza kuvioanisha. Mstari ambao ukirudiwa haupati maana mpya niliutupa, hata ukiwa mtamu. "Ndevu zikagusa kola ya shati" ulibaki kwa sababu nyingine: asije mtu akasema namsifu mke.

Mwanzo ulikaa hivi:

Alinishonea kifungo changu,
Akakata uzi kwa meno yake.

Akakata neno kwa meno yake,
Baba kasimama, katutazama.

Uzi umekuwa neno, basi, na mzee yuko mlangoni.

Kilichonisumbua zaidi ni historia. Brown hutia ya watu wake ndani ya kitanda na bustani, haisimami pembeni kama hotuba. Yangu ilikuwa Mei 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipokataa kufuta vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vinavyowatia hatiani wanaume wanaolala pamoja. Kifungu 162 kinatoa hadi miaka 14 jela, hata kwa waliokubaliana. Namba hizo zilikataa kabisa kuingia kwenye mizani, nikaziacha, nikaweka tu hakimu anayesoma karatasi na watu wanaotoka nje kimya. Baada ya hapo mstari wa kwanza uliporudi kufunga, "Alinishonea kifungo changu", sikuwa na la kuongeza. Shati lilikuwa limeshatoka akilini.

Nilimsomea mwenzangu jioni, akiwa anapiga pasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee hakusimama. Alikaa kabisa, akaomba chai."

Nikahesabu kwa vidole: Baba akakaa, kaomba chai. Kumi na moja kamili. Umeingia, na jozi ya tatu yote naiandika upya.