Jino lile lile

Nimefunga banda saa moja usiku, mikono bado inanuka mafuta ya taa. Tangu asubuhi nimeshinda chini ya meza ya msumeno, na nataka niandike kabla sijalala, maana kuna jambo limenikaa moyoni.

Mashine yenyewe ni ya zamani: meza nzito ya chuma, bledi ya inchi 12, mota inaning'inia kwa nyuma na kuizungusha kwa mkanda. Niliinunua ikiwa imeshatumika, hapa hapa Keko, na ndiyo iliyowasomesha wanangu. Lakini tangu tuhame banda mwezi wa saba, ilianza kuunguza mbao. Unapasua mninga, kipande cha kushoto kinatoka safi, cha upande wa fensi, ile reli inayoongoza mbao, kinatoka na weusi kama kimepitiwa na pasi ya mkaa. Na ukifika katikati, ubao unakuwa mzito kusukuma.

Nikapeleka bledi kunolewa. Ikarudi inang'aa, ikaunguza vile vile. Nikasema mninga huu haujakauka. Mwisho nikamgeukia kijana ninayemfundisha kazi.

Nilimwambia ana mkono mbovu, kwamba haubani ubao kwenye fensi. Nilimwambia hivyo si mara moja, tena mbele ya wateja. Alikuwa akijibu "Sawa, fundi," na kuinamisha macho.

Alhamisi kipande cha mkongo kilirushwa. Kilirudi nyuma kwa kasi, kikampita karibu na ubavu, kikatoboa bati la ukuta. Kilichomwokoa ni kwamba alisimama pembeni ya mstari wa bledi, kama nilivyomfundisha mwezi wake wa kwanza. Na safari hii nilikuwa namtazama mikono. Ubao ulikuwa umelala kwenye fensi mwanzo hadi mwisho. Hakukosea kitu.

Leo, basi, nilichomoa waya kwenye soketi nikaanza kupima. Kwanza nilisafisha utomvu uliogandia kwenye shafti, pale bledi inapokaa, kwa sababu hata punje ya uchafu pale inaifanya bledi iyumbe. Kisha nikachagua jino moja nikalitia alama ya chaki. Nikafunga kipande cha mbao chenye skrubu kwenye kile kipimo cha pembe kinachoteleza ndani ya mfereji wa kushoto wa meza, nikakisogeza hadi kichwa cha skrubu kikagusa lile jino kwa mbele. Nikaizungusha bledi kwa mkono mpaka jino likafika nyuma, nikateleza na kipimo kulifuata. Lazima liwe jino lile lile. Ukipima jino hili mbele na jingine nyuma, hujui kama unapima mkao wa bledi au kupinda kwake.

Nyuma palikuwa na mwanya. Niliazima filagegi kwa fundi pikipiki jirani, ile anayosetia valvu, nikaingiza karatasi za chuma moja moja. Milimita 0.6. Kwa macho huoni kitu, lakini kwa mbao ni mwingi sana: nyuma ya bledi ilikuwa imelalia upande wa fensi, ubao unaingia mahali papana na kutokea mahali pembamba. Unabanwa, unaungua. Na meno ya nyuma yanapanda juu, kwa hiyo yakiushika ubao yanaunyanyua na kumrushia anayesukuma.

Nadhani ni siku ile ya kuhama. Tuliibeba mashine watu wanne, na mmoja wetu alishika mota.

Shafti imebebwa na vishikio viwili, cha mbele na cha nyuma, vilivyofungwa kwa bolti chini ya meza, mbili mbele na mbili nyuma. Zilikuwa zimeshika kutu, nikazilowesha mafuta ya taa hadi adhuhuri. Nililegeza tatu, moja ya mbele nikaiacha iwe kama bawaba, nikagonga kishikio cha nyuma kwa nyundo ya mbao, taratibu, kuelekea kushoto. Kilichonichosha ni kukaza. Kila ukikaza bolti, chuma kinasogea tena. Kaza kidogo, pima, gonga, kaza ya upande wa pili, pima. Mara ya saba hata karatasi ya 0.1 haikuingia, nikashusha pumzi. Ndipo nikaisawazisha fensi na mfereji ule ule, nyuma nikaiachia nafasi ya unene wa karatasi ya daftari.

Nilimwita kijana apasue mwenyewe. Mninga ulipita bila moshi. Akakichukua kipande, akapitisha kidole gumba upande huu, akakigeuza, akapitisha upande wa pili.

Nikamwambia, "Dogo, haikuwa mikono yako. Nimekuonea miezi yote hii. Nisamehe."

Alinyamaza kidogo, macho kwenye ule ubao. "Yamekwisha, fundi." Kisha akauliza, "Na tukiilaza nyuzi 45? Zile fremu za picha tulizikata imelala."

Sikuwa nimepima hilo. Bledi inaweza kuwa sawa ikisimama na ikapotoka ikilazwa, kama kishikio kimoja kimekaa chini kuliko mwenzake. Hapo dawa ni kuweka washa nyembamba kati ya meza na kile kilichokaa juu. Kesho saa mbili tunaanza na hiyo, na filagegi atashika yeye.