Nimeacha Kuwaamsha Wanangu

Kwa miaka mingi sauti yangu ndiyo iliyokuwa kengele ya nyumba hii. Ilipofika saa 11:30 alfajiri nilianza kuita majina, nikipita chumba hadi chumba na kuvuta mablanketi, na nilipomfikia wa mwisho, wa kwanza alikuwa amekwisharudi usingizini. Sikuuona ubaya wake mpaka Juni mwaka jana, nilipokwenda Kondoa kumuuguza mama yangu. Niliporudi hapa Nkuhungu nilikuta mwanangu wa kiume, mwenye miaka 10, amechelewa shule siku tatu kati ya nne, na dada yake wa miaka 15 ameondoka siku zote hizo bila kunywa chai. Baba yao, anayetoka mapema kuwahi gari la kazini Mtumba, alinieleza kwa uchungu kwamba aliwaita kila siku na wote wawili waliitika.

Neno hilo, "waliitika", lilinikaa moyoni. Kumbe mtoto anayeamshwa kila siku hujifunza kuitika, wala si kuamka.

Nilianza na usiku, kwa sababu asubuhi ya mtu hutengenezwa usiku uliotangulia. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Wangu walikuwa wakilala saa 4:30 usiku, baada ya kutazama tamthilia pamoja nasi. Sasa televisheni huzimwa saa 2:30, na simu zote, zikiwamo zetu sisi wazazi, hulala sebuleni. Kwa binti yangu nililazimika pia kuomba radhi. Nilizoea kumwita mvivu, ilhali katika umri wa kubalehe mwili wenyewe huchelewesha usingizi, hata kijana akiwahi kitandani.

Tena sisi tulihamia hapa kutoka Dar es Salaam, na Dodoma ina alfajiri yake. Kwa kuwa tuko magharibi zaidi, jua huchomoza takriban dakika 14 baada ya kuchomoza kule. Mwezi Julai hulioni kabla ya saa 12:45 hivi, na kwa mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, baridi na upepo wa miezi hiyo humfanya hata mtu mzima ajikunyate. Mwili huamshwa na mwanga, kwa hiyo anayeamka gizani lazima awashe taa papo hapo, kabla hajaanza kushauriana na blanketi.

Nilinunua saa ya kengele katika soko la Majengo. Wiki ya kwanza mwanangu aliiweka kando ya mto, akaizima bila kufumbua macho. Ndipo yeye mwenyewe alipobuni kuiweka ndani ya sufuria tupu, juu ya kigoda kilicho karibu na swichi ya taa, na inapolia sufuria nzima hutetemeka, hivyo hana budi kusimama. Mwalimu wake nilikwishamweleza kwamba huenda angechelewa kidogo mwanzoni. Alichelewa mara mbili, nami asubuhi hizo nilibaki jikoni nikikoroga uji uliokwisha kuiva, nikijizuia kuita jina lake. Sikumbuki jambo lililoniwia gumu zaidi katika malezi.

Jumamosi binti yangu namwachia saa moja zaidi, anaihitaji.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Kondoa. Saa 12 kamili asubuhi nilipiga simu ya binti yangu, ile inayolala sebuleni, na aliyeipokea ni mdogo wake. Akanisalimu, akasema maji ya chai yapo jikoni yanachemka, kisha akauliza bibi ameamkaje.