Ninavyowaandaa vijana kupanga chumba Nairobi

Wengi wa vijana ninaowafundisha wanatoka makao ya watoto, na wakifika miaka 18 inabidi wajitegemee. Naanza na nyumba, kwa sababu kodi ya Nairobi humla mtu kabla hajala yeye.

Tunazunguka ploti za Kayole au Githurai, kijana ndiye anayeongea na keateka, yaani msimamizi wa ploti. Chumba cha shilingi 5,000 kinataka 10,000 siku ya kuingia, maana kuna dipoziti, na hapo hujanunua godoro wala ndoo. Anauliza maji hutoka siku gani, na kama yamo kwenye kodi au hununuliwa kwa mtungi. Tokeni za stima ni za mita yake, au wapangaji wanachanga? Wakichanga, atalipia pasi na friji za majirani. Kisha anaangalia pembe za dari: rangi iliyobambuka ni dalili kwamba mvua hupenya.

Hela haitoki kabla hajaingia ndani na kuona mlango ukifunguliwa kwa ufunguo. Kuna matapeli wanaopokea dipoziti ya chumba kimoja kutoka kwa watu kadhaa. Analipa kwa M-Pesa, anahifadhi ujumbe na kudai risiti. Kufuli anabadilisha siku hiyohiyo, kwani aliyehama huenda bado ana ufunguo.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 tunaupima kwa povu la sabuni pale regyuleta inaposhika. Povu likifura, gesi inavuja: funga, fungua dirisha, usiwashe hata taa. Jiko la makaa halilali ndani, hata baridi ya Julai iume vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Kabla hajahama, posho natoa ya wiki nzima kwa mkupuo, na ikiisha Jumatano siongezi. Unga na sukuma viko jikoni. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, naieleza hivi: hela ikiingia, deni hujikata kwanza, ndiyo maana mshahara mdogo huonekana haujafika.

Cheti cha kuzaliwa nakifuatilia mapema, akiwa bado shuleni. Kikikosekana kitambulisho hukwama, na bila kitambulisho hasajili laini kwa jina lake.

Akishahama, namtembelea mwisho wa mwezi wake wa pili humo chumbani. Kodi ya kwanza huwa tumemsaidia. Hiyo ya pili ni ya jasho lake.