Ua la Usambara lililokuwa likifa kwa kunyweshwa

Ua hili nililirithi. Mama mmoja wa masijala alipostaafu aliliacha juu ya kabati la mafaili, chini ya kiyoyozi, akaniambia, "Mwanangu, nakuachia mgonjwa." Nikadhani ananitania. Majani yalikuwa yamelala ukingoni mwa chungu, na moyo wake umeanza kuwa wa kahawia.

Kila aliyepita aliona kiu. Dada wa usafi kikombe kizima kila asubuhi, mlinzi mabaki ya chupa yake, na kuna mtu wa uhasibu ninayemshuku kwa chai ya rangi. Nami nikanywesha wiki nzima. Likazidi kulegea.

Ijumaa moja baada ya kazi nikatandika gazeti mezani, nikaling'oa. Harufu ya mtaro! Mizizi ukiishika inachubuka ganda mkononi. Nikageuza kile chungu cha kaure kilichokuwa kikisifiwa na wote: hakina tundu hata moja. Kumbe mizizi ikioza haipandishi maji, basi jani linalegea vilevile kama lenye kiu.

Aibu ni yangu, mtu wa Lushoto, milimani Usambara. Ua hili asili yake ni misitu ya kwetu. Mtawala wa Kijerumani pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelifikisha Ulaya miaka ya 1890, hata wataalamu wakaliita Saintpaulia. Porini linashikilia miambani, kivulini, maji yanapita tu. Sisi tulilipanda kwenye kinamasi.

Nikafuta mkasi kwa spiriti, nikakata yote yaliyooza. Ikabaki mizizi minne hivi, myeupe, na majani saba. Kopo la siagi nikalitoboa kwa msumari wa moto, nikachanganya udongo mweusi, mchanga na nyuzi za makumbi ya nazi. Juu nikafunika chupa ya maji ya lita 6 niliyoikata kitako, ili unyevu usikimbie. Jani moja zima nikalichomeka kwenye kikombe cha mchanga, kama akiba, maana sikuwa na imani sana.

Nikalihamishia dirisha lenye mwanga lisilopigwa na jua, nikabandika karatasi: USINIMWAGIE MAJI. Dada wa usafi akanuna siku mbili. "Kaka, unaliua kwa kiu." Nikamwonyesha: udongo ukikauka juu, naweka maji kwenye sahani, kopo linakaa humo nusu saa, kisha namwaga yaliyobaki. Majani yana vinyweleo. Maji baridi yakiyagusa yanaacha madoa.

Wiki ya tano nikaona jani jipya katikati, dogo kama ukucha wa mtoto. Mwezi wa sita yakatoka maua matatu ya zambarau. Na lile jani la akiba, nililokwisha kulisahau, likazaa kichipukizi.

Mama wa masijala alipopita kutusalimia nikampa hicho kichipukizi. Akakitazama, akashukuru, kisha akauliza chungu chake kizuri kiko wapi. Nikamwonyesha mezani kwangu, kimejaa kalamu.