Maneno kwanza, mchoro baadaye: ninavyomaliza katuni ya kurasa 24 kwa wiki sita

Katika katuni ya Kiswahili, kinachoharibu ukurasa mara nyingi si mchoro, ni puto la maneno, lile umbo linalobeba usemi wa mhusika. Mchoraji anachora boksi, yaani fremu moja ya picha, likapendeza, halafu anapofika kwenye maneno hana pa kuyaweka. Anaziba nywele za mhusika, au anapunguza herufi mpaka msomaji asogeze kitabu karibu na pua. Mimi nilipona tatizo hilo nilipogeuza utaratibu: maneno yote yanakaa kwenye ukurasa kabla sijachora hata jicho moja.

Sababu iko ndani ya lugha. Kitenzi chetu kinabeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja. "Hawakuniambia" ni herufi 13 bila nafasi katikati, "nitakapokupelekea" ni 17. Puto la duara tunaloliiga kutoka vitabu vya Marekani lilizoea maneno mafupi ya Kiingereza, yanayojipanga yenyewe: mstari mfupi juu, mrefu katikati, mfupi chini. Neno letu refu likiangukia mstari wa kwanza, duara linageuka sanduku.

Kwa hiyo sihesabu maneno, nahesabu herufi. Kwa kitabu cha A5 chenye herufi kubwa za urefu wa milimita 2, kwenye boksi la upana wa nusu ukurasa naweka herufi 14 hadi 16 kwa mstari, mistari minne, ikizidi sana mitano. Neno refu nalipeleka mstari wa katikati. Likigoma, nabadilisha sentensi: "Hawakuniambia kitu" inakuwa "Sikuambiwa kitu", na mhusika hajapoteza chochote. Kukata neno kwa kistari ni njia ya mwisho kabisa, na nakata baada ya irabu tu: HAWAKU-NIAMBIA. Ukitenganisha ng', ny, mb au ch, msomaji anajikwaa palepale.

Ratiba yangu ni siku sita kwa wiki. Wiki ya kwanza ni hadithi, vijipicha (michoro midogo ya kupangia kurasa) na maneno. Mbili zinazofuata ni penseli, kurasa mbili kwa siku. Mbili nyingine ni wino, kwa mwendo uleule. Ya sita ni kuskani, kupanga maneno kwenye kompyuta na kusahihisha. Watu hutaka kuikata ile wiki ya kwanza ili waanze kuchora mapema. Msiikate, ndiyo inayookoa zile tano.

Vijipicha vya kurasa zote 24 navichora kwenye karatasi moja ya A3, kila ukurasa mkubwa kidogo kuliko kiberiti. Hapo naangalia mambo mawili. La kwanza ni kugeuza ukurasa: ukurasa wa 1 uko kulia, kwa hiyo namba zote za witiri ziko kulia, na jambo la kushtua lazima likae kwenye namba ya shufwa, ambako msomaji hafiki bila kufunua. La pili ni nani anaanza kusema. Anayeanza asimame kushoto. Akisimama kulia, mikia ya maputo, zile ncha zinazoelekea kwa msemaji, itapishana kama kamba, na hapo hakuna ufundi wa wino utakaosaidia. (Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, kwa sababu kitabu kinapigwa pini katikati.)

Baada ya hapo nachukua karatasi halisi. Nachora kwenye A4, na mchoro unapunguzwa hadi asilimia 71 kuwa A5. Herufi ya milimita 2 kitabuni inakuwa karibu milimita 3 kwenye A4, basi napiga mistari ya rula ya milimita 3 na naandika maneno yote kwa penseli mahali pake. Nayazungushia puto. Nafasi inayobaki ndiyo ya picha.

Upunguzaji huo unaamua hata kalamu. Pigma Micron namba 05 inachora mstari wa milimita 0.45, kitabuni unabaki kama 0.32, mzuri kabisa. Namba 005 inachora 0.20, unabaki 0.14, na kwenye karatasi ya bei nafuu unakatika au kupotea. Siendi chini ya namba 01. Karatasi iwe ya gramu 200 hivi, maana ya gramu 80 inajikunja ukijaza weusi. Na kwa tunaokaa Pwani: karatasi inakunywa unyevu wa hewa, wino unatambaa na kuota vinyweleo pembeni mwa mstari. Nafunga bunda kwenye mfuko wa plastiki, natoa karatasi mbili za siku hiyo tu, na chini ya kiganja naweka karatasi safi, kwa sababu palipoguswa na jasho wino haushiki.

Sauti ninazichora pamoja na picha, sizibandiki mwishoni. Hapa ndipo ninapoumia nikiona wenzangu wanaandika BANG na POW. Tanakali zetu zinasema hata alikoangukia mtu: majini CHUBWI, matopeni TAPWI, mchangani TIFU, chini PU. Mti unavunjika KACHA. CHUBWI naichora ikizama, herufi za mwisho ziko chini ya mstari wa maji.

Naskani kwa doti 600 kwa inchi. Maputo yako wazi, kwa kuwa maneno ya penseli yameshafutwa, na maneno ya mwisho naandika kwenye kompyuta katika leya ya peke yake, yaani tabaka linalokaa juu ya mchoro. Mhariri akibadilisha neno, mchoro hauguswi. Krita na Inkscape zinatosha, na ni za bure.

Angalia sana herufi I. Fonti nyingi za katuni zina I mbili, moja ina vistari juu na chini, nyingine ni mti mtupu. Ile ya vistari imewekwa kwa ajili ya "mimi" ya Kiingereza, herufi inayosimama peke yake. Sisi hatuihitaji ndani ya neno, lakini inakaa kwenye herufi kubwa za kibodi. Ukiandika NITAKUPIKIA huku umefunga kibodi kwenye herufi kubwa, unapata nguzo tatu zinazolivunja neno vipandevipande. Andika kwa herufi ndogo za kibodi, fonti yenyewe itatoa kubwa zenye I sahihi.

Kwenye jalada la rangi, maneno meusi yawe weusi peke yake, asilimia 100. Yakichanganywa rangi nne za uchapaji, mtambo ukisogea kidogo tu kila herufi inapata kivuli chekundu au cha buluu.

Kuhusu malipo nitasema machache. Mkataba utaje idadi ya nakala, lugha na muda, na useme wazi kwamba kuuza karatasi ya mchoro si kuuza haki ya kuuchapa.

Kabla ya kupeleka kazi kiwandani, natoa nakala ya A5 steshenari na kumpa mtu asiyeijua hadithi aisome kwa sauti. Simwelezi kitu. Anapokwama au kurudi nyuma natia alama ya penseli, na mara nyingi nakuta puto la pili limepanda juu kuliko la kwanza.