Siku moja maishani mwangu: kuhesabu wadudu nyuma ya ng'ombe, Laikipia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko njiani na ndoo, chupa za spiriti na askari wa wanyamapori, maana huku ndovu hapigi hodi. Jana nilifukia vikopo 40, midomo sawa na ardhi, ndani maji ya sabuni. Mdudu apitaye anatumbukia. Kumi nje ya boma jipya, kumi kwenye mahame, kumi migungani, kumi kando ya mto. Fisi ameng'oa vitatu na kutafuna kimoja. Sijui plastiki ina utamu gani.

Saa mbili. Ng'ombe wametoka bomani, mavi yangali yanatoa mvuke, na mbawakawa wamekwisha kutua. Wako wanaoviringisha mpira na kuondoka nao, wanaochimba papo hapo na kushusha shehena chini, na wanaoishi humo humo. Wapiga picha huwapenda waviringishaji. Mimi ni wa wachimbaji.

"Kijana, ulisoma miaka yote hiyo uje kuchokora mavi?" mzee mchungaji ananiuliza, kama kila siku.

"Ndiyo, mzee. Na nikuombe: ni yupi uliyempa dawa ya minyoo?"

Ananyoosha fimbo kwa mtamba mwenye madoa. Dawa ni ivamektini, ambayo hutoka pamoja na mavi na kuua mabuu humo. Mavi yake nayaandika peke yake.

Saa nne. Mahame. Mzee anasema boma lilikuwa hapa kabla hajatahiriwa. Leo hakuna mti, ni nyasi fupi za kijani tu, kwa kuwa mavi ya miaka ile bado yanalisha udongo. Swala hupenda kushinda hapa. Napitisha wavu: panzi tele. Hatua mia moja kutoka hapa, kwenye nyasi ndefu, panzi ni wengine kabisa.

Saa sita. Migungani, kwenye udongo mweusi. Miiba imevimba kama vifundo, na upepo ukipita inapiga mluzi. Humo wanaishi sisimizi; ziko spishi nne zinazogombea miti hii, na kwa kawaida mti mmoja huwa na mabwana wa aina moja. Natikisa tawi kidogo tu, wananishukia hadi shingoni. Ndovu huikwepa miti hii kwa sababu yao. Mimi sina akili ya ndovu.

Saa tisa. Mtoni. Kereng'ende, vipepeo kwenye tope, mbu. Naondoka haraka.

Saa moja usiku. Taa, sahani nyeupe, kibanio. Mchwa huku, buibui kule (si mdudu, lakini hutumbukia vilevile). Mbawakawa mmoja kafuata taa na kuangukia chai yangu, naye nimemwandika.

Simu inalia. Ni mzee: kesho wanang'oa vyuma vya boma na kulihamishia ng'ambo ya kichuguu kikubwa. Nahesabu vikopo vilivyobaki. Itabidi niamke saa kumi.